Saa nane usiku nimpigie nani? Barua ya wazi kwa wakuu wa sekta ya afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu, Mganga Mkuu wa Serikali, wakuu wa vyuo vikuu vya tiba, na wakurugenzi watendaji wa hospitali ya taifa na hospitali za kanda.

YAH: KUSOMESHA HAPA NYUMBANI MADAKTARI BINGWA BOBEZI WA MAGONJWA YA MAAMBUKIZI KWA WATOTO

Waheshimiwa,

Kwanza poleni na majukumu. Mimi ni daktari bingwa wa watoto katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanzania Bara. Jina la mkoa nimeliacha makusudi. Ninayoyaeleza hayapo kwetu peke yetu, na wauguzi ninaofanya nao kazi wanajituma mno. Sitaki wasomeke humu kama watuhumiwa.

Naandika kwa sababu ya simu niliyoipiga saa nane usiku.

Ilikuwa msimu wa masika. Katika chumba cha watoto wachanga tulikuwa na njiti wa kiume wa siku kumi na moja, kilo moja na gramu mia tisa. Mtoto wa uzito huo, damu yake yote mwilini haijazi glasi ya chai. Jioni moja mama yake alituambia maneno ambayo sisi wa wodi za watoto tunayaogopa kuliko homa ya nyuzi arobaini: "Leo hanyonyi." Tukamshika, wa baridi. Mtoto mchanga akiingiwa na maambukizi kwenye damu mara nyingi hachemki. Anapoa, analegea, ananyamaza. Tukachukua mililita moja ya damu kwa ajili ya kuotesha vimelea maabara, tukamwanzishia ampisilini na jentamaisini kama mwongozo unavyoelekeza. Siku ya pili hakuna nafuu. Siku ya tatu akaanza degedege.

Majibu ya maabara yalifika siku ya nne, usiku. Karatasi yenyewe naikumbuka ilivyokaa: jina la kimelea juu, Klebsiella, kisha orodha ya dawa ikishuka, na mbele ya kila dawa herufi moja. R, R, R, R, R. Maana yake kimelea ni sugu, dawa hiyo usijisumbue nayo. S ilikuwa moja tu, mstari wa chini kabisa, yaani dawa hiyo inafaa, mbele ya meropenemu, na meropenemu stoo yetu haikuwa nayo. Baba wa mtoto alitoka kwenda kuitafuta madukani, cheti mkononi, mvua inanyesha.

Nilisoma udaktari miaka mitano, nikafanya utarajali mwaka mmoja, nikasomea ubingwa wa watoto miaka mitatu. Usiku ule nilikuwa na maswali ambayo miaka yote hiyo tisa haikuwa imenipa majibu ya uhakika. Njiti ambaye figo zake bado hazijakomaa, nimpe kiasi gani, kila baada ya saa ngapi? Degedege ile ina maana kimelea kimeshafika kwenye utando wa ubongo, na kama ndivyo, kipimo kiongezwe hadi wapi, na atibiwe siku ngapi? Nikampigia mwenzangu tuliyesoma naye. Yeye alikwenda Cape Town, akakaa miaka miwili katika Red Cross War Memorial Children's Hospital akisomea magonjwa ya maambukizi kwa watoto. Simu haikuita mara tatu.

Akanipa kipimo cha dawa papo hapo, bila kufungua kitabu. Akauliza kama tumechukua maji ya uti wa mgongo. Halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Wapo wengine?"

Nikamwambia wapo wawili, wamelegea tangu mchana.

"Dawa mnazichanganyia kwenye chupa gani?"

Nikageuka kuangalia. Juu ya toroli kulikuwa na chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi iliyofunguliwa asubuhi. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye mfuniko wake wa mpira na kuachwa hapo hapo, ili kila anayekuja kuyeyusha dawa avute haraka bila kufungua chupa mpya, maana chupa mpya zilikuwa za kuhesabu. Ile moja ilikuwa imehudumia watoto wote wa chumba kile tangu asubuhi. "Itupe sasa hivi," akasema, "na kesho usikubali irudi."

Yule njiti alifariki kabla ya adhuhuri. Wale wawili tuliwaanzishia meropenemu bila kusubiri majibu, wakapona. Chupa hatukuwahi kuipima, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kimelea kilikuwa humo. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu tulipoanza kutumia vichupa vidogo, kila mtoto na chake, wiki sita zilipita bila kumpata mwingine wa namna ile.

Bibi wa mtoto alinifuata kwenye korido, ameshika kanga waliyokuwa wakimfunikia mjukuu wake. Hakunifokea. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu daktari, huyo uliyekuwa unaongea naye kwenye simu, mbona siku zote hizi hakuwapo?" Nikamjibu, "Bibi, yuko mbali, na ni mmoja." Sikuwa na jingine la kumwambia.

Waheshimiwa, swali la bibi yule ndilo ninalolileta kwenu.

Bingwa bobezi wa maambukizi kwa watoto hana mashine ya kuzindua wala chumba cha upasuaji cha kukatiwa utepe, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kusahaulika. Kazi yake ni kupita. Anapita wodi ya saratani, ambako mtoto amepata homa na chembe nyeupe za damu zimeshuka kwa sababu ya dawa. Anaitwa na wa moyo kwa kidonda cha upasuaji kisichokauka, anaitwa na wa selimundu kwa mtoto mwenye maumivu ya mfupa ambayo huenda ni usaha, anaitwa na kliniki ya VVU kwa kijana wa miaka kumi na miwili ambaye dawa zake zimeacha kufanya kazi. Asubuhi anaketi na mtu wa maabara kabla majibu hayajapigwa chapa. Siku ya tatu anasimama mbele ya faili na kuuliza: sindano hii mtoto bado anachomwa kwa nini? Na akiona watoto wawili wana kimelea cha aina moja, anaanza kuangalia masinki, mikono na chupa.

Tumepiga hatua, na hatua hizo ni zenu pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 katika utafiti wa 2015/16. Chanjo za nimonia na kuhara zilizoanza kutolewa mwaka 2013 zimetusaidia sana, mimi mwenyewe nimeziona wodi zikipumua. Lakini tazameni mstari wa watoto wachanga, wale wanaofariki kabla ya kutimiza siku 28. Katika kipindi hicho hicho walitoka 25 wakafika 24. Mmoja tu. Na katika mambo makubwa yanayowaua wachanga, maambukizi yako sambamba na kuzaliwa njiti na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Wala hatuwezi kusema hatukuambiwa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002, kwa watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Waliokutwa na bakteria wa kundi la akina Klebsiella kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Waliokuwa na malaria, asilimia 20.2. Yaani ugonjwa ambao hauna wiki ya kitaifa wala bango barabarani ulikuwa unaua zaidi ya mara mbili ya ule ambao kila mtoto wa shule anaujua. Watafiti wakaonyesha pia kwamba usugu wa kimelea kwa dawa aliyopewa mtoto ulikuwa unatabiri kifo chake. Zaidi ya miaka ishirini imepita tangu damu za watoto wale zichukuliwe.

Upande wa pili wa shilingi unauma vilevile: tunawajaza dawa watoto wasiozihitaji. Mpeleke leo mtoto mwenye homa kwenye duka la dawa au zahanati yoyote ya uchochoroni, nafasi ni kubwa utarudi nyumbani umeambiwa ana UTI na taifodi, pamoja na sindano za siku tano. Mwaka 2008 watafiti walichunguza kwa kina watoto 1,005 waliofika na homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara. Taifodi walikuwa asilimia 3.7, UTI asilimia 5.9, malaria asilimia 10.5. Saba kati ya kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haiugusi. Kule Moshi nako, kati ya wagonjwa 870, watoto kwa wakubwa, waliolazwa na homa kali mwaka 2007 na 2008, madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Hao walioandika hawakuwa wazembe. Walikuwa kama mimi usiku ule, wanaitibu homa gizani bila mtu wa kumuuliza.

Kila sindano ya bure tunayomchoma mtoto wa mafua inakwenda kuwafundisha vimelea, na darasa hilo linahitimu kwenye chumba cha njiti. Duniani kote, kwa mwaka 2019 peke yake, usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27, na mmoja kati ya kila watano waliofariki alikuwa mtoto chini ya miaka mitano. Nchi yetu ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA. Wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa sasa unafika 2028. Nimeusoma. Umeandikwa vizuri. Nilipofika kwenye shughuli za hospitali, nikajiuliza ni nani hasa, kwa jina na kwa cheo, atakayezifanya kwenye wodi ya watoto. Mfamasia wetu anajitahidi, anatumia mwongozo wa watu wazima na kugawanya.

Najua Serikali inafadhili masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi, na wenzangu kadhaa wamefaidika. Kwa hilo asanteni. Najua pia kwamba mpango wa Chuo Kikuu cha Cape Town wa kusomesha madaktari wa watoto wa Afrika umefanya kazi ya kuheshimika kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Wanaosoma pale wengi wanarudi kwao, jambo ambalo hatulioni kwa wanaokwenda Ulaya na Marekani. Rafiki yangu ni tunda lao. Sitasema neno baya juu ya Red Cross. Ila nafasi zao zinagombewa na bara zima, na kusomesha mtu mmoja mmoja kwa miaka hakuwezi kuifikia Kigoma.

Lipo na jambo zito kuliko hesabu ya nafasi. Ugonjwa wa mtoto hujifunzwa vizuri zaidi pale mtoto anapougulia. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali aliyeishiwa nguvu, mikono na miguu imepoa, apigwe dripu ya haraka kwa wingi. Elimu hiyo ilitoka kwenye vyumba vya uangalizi maalumu vya nchi tajiri. Kisha ikaja FEAST, utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Muheza kwetu Tanga, Kilifi kwa majirani zetu wa Kenya, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141. Waliopewa dripu ya haraka, asilimia 10.6 walifariki ndani ya saa 48. Ambao hawakupewa, asilimia 7.3. Dripu tuliyoamini inaokoa ilikuwa inaongeza vifo. Hakuna profesa wa London ambaye angeweza kutuambia hivyo akiwa London. Ilibidi aje Muheza, kwa watoto wenye malaria na upungufu wa damu, katika wodi isiyo na mashine ya kupumulia.

Ndiyo maana naomba mafunzo haya yawe hapa. Na tukiangalia vizuri, darasa tunalo tayari, limetawanyika tu. Muhimbili kuna watoto wachanga, watoto wa saratani na uangalizi maalumu chini ya uzio mmoja, na chuo kikuu pembeni. Siha kuna Kibong'oto, hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi, yenye uzoefu wa kifua kikuu tangu enzi za mkoloni, na kifua kikuu cha mtoto ni somo zima peke yake: mtoto hatoi makohozi, unalazimika kukitafuta kwenye choo chake au kwa mpira wa tumboni. Mwanza na Mbeya kuna vituo vya Baylor ambavyo tangu 2011 vinahudumia watoto wenye VVU. Hospitali za kanda za Bugando na KCMC zina maabara na zina wodi zilizojaa. Korogwe na Bagamoyo wameshiriki kupima chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo leo inatolewa katika nchi kadhaa za Afrika. Daktari akizungushwa katika sehemu hizi kwa miaka miwili, akamalizia kwa miezi michache Cape Town au Kilifi kuona wenzetu wanavyofanya, atakuwa ameona kwa macho yake magonjwa ambayo mwenzake wa Ulaya anayasoma kwenye kurasa.

Mkiamua, mnaweza. Mwaka 2017 Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia, na mwaka huo huo wakapandikiza figo, huduma ambazo wagonjwa wetu walikuwa wakizifuata India. Nililia kwa furaha nilipoiona habari ile. Lakini homa ya uti wa mgongo ni mojawapo ya sababu kubwa za mtoto aliyekuwa anasikia kuwa kiziwi, na mtu anayejua kuitibu mapema, kwa dawa sahihi, anamwacha mtoto na masikio aliyozaliwa nayo.

Sasa niseme lile linalonikera zaidi, nalo ni ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Nimewaona wenzangu waliorudi na ubobezi wao wakapangiwa kliniki ya jumla siku tano kwa wiki, kwa sababu kwenye orodha ya vyeo hakuna mstari wenye jina la kazi waliyosomea. Wengine walipewa ofisi. Unamsomesha mtu miaka miwili kuvisoma vimelea, halafu unamkabidhi kusaini hati za malipo ya umeme. Huyo naye ana watoto wa kulea. Akiitwa na shirika la utafiti, ataondoka, na sitamlaumu. Kwa hiyo msianze na darasa mkaiacha ikama nyuma. Muundo wa utumishi umtambue, na hospitali ya taifa na kila hospitali ya kanda iwe na nafasi mbili zinazolindwa, ili mmoja akienda likizo wodi isibaki yatima.

Maabara nayo iende pamoja. Bingwa huyu bila chupa za kuoteshea damu ni sawa na fundi wa saa aliyefumbwa macho. Chupa za watoto zisikauke Bohari ya Dawa, majibu ya awali yatoke ndani ya siku mbili, na meropenemu ikae stoo ya hospitali chini ya ufunguo wake yeye, itolewe kwa anayeihitaji. Kwetu baba anaifuata mvuani, kwingine inauzwa kaunta kama panado. Yote mawili hayafai.

Nawaomba muunde timu ndogo ya watu wa wodi, wa maabara, wa chuo na wa Utumishi, wakae na kuandaa mtaala kabla ya mwaka ujao wa masomo. Waanze na wanafunzi wanne tu. Wakati hao wanasoma, wale wachache waliokwisha kusoma wawekewe namba moja ya simu ya zamu, inayolipwa na Serikali, ambayo daktari wa mkoa wowote atapiga usiku akiwa na karatasi yenye R tano mkononi. Hilo la simu halihitaji jengo wala mkopo. Linaweza kuanza mwezi ujao. Rafiki yangu anafanya kazi hiyo bure kwa miaka sasa, kwa vocha yake, kwa madaktari wa mikoa sijui mingapi, na asubuhi anakwenda kazini kama kawaida.

Niko tayari kuja Mtumba, Dodoma, kwa nauli yangu, siku yoyote mtakayonipangia. Nitakuja na takwimu za wodi yetu za miaka mitatu na nakala ya ile karatasi ya maabara, jina la mtoto likiwa limefutwa. Namba yangu imo kwenye jalada langu la utumishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Daktari bingwa wa watoto,
hospitali ya rufaa ya mkoa